Sanduku la sauti nalo lina historia

Ukimwuliza mtu wa Bukavu juu ya historia ya muziki wa Kongo, atakutajia Kabasele, Franco, Docteur Nico. Fundi wa mbao hatamtaja hata mmoja. Mimi naona hapo kuna pengo. Leo naongea juu ya bafle, lile sanduku linalobeba spika na mara nyingine ampli yenyewe.

Turudi 1946, Fullerton, California. Leo Fender, fundi redio ambaye hata gitaa hakujua kupiga, alitoa ampli za kwanza zenye jina lake: Princeton, Deluxe na Professional. Masanduku yake yalikuwa ya mbao ngumu, mahogani mojawapo, yamepakwa vanishi kama kabati ya sebuleni. Haikupita miaka mingi akayaacha, akahamia msonobari uliofunikwa kitambaa. Msonobari ni mwepesi, na kitambaa huficha mikwaruzo ya safari.

Kwetu Nyantende, kwenye barabara ya Nyangezi, mambo yalienda kinyume. Bafle za kwaya nilizozizoea ni za libuyu, mti wa ukoo mmoja na mahogani. Kule ilikuwa anasa, huku njo mbao fundi aliyoizoea kwa milango na vitanda, basi akaitumia pia kwa muziki.

Na muziki wenyewe ulihitaji sanduku. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alikuwa Léopoldville na gitaa la umeme, na miaka mitatu baadaye OK Jazz ikazaliwa. Gitaa la umeme bila ampli ni karibu bubu, jamani! Asiye na pesa ya kuagiza Ulaya alijitengenezea. Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alitia likembe umeme kwa sumaku za magari mabovu, akatumia maikrofoni za mbao za kuchonga. Albamu yao Congotronics ilipotoka 2004, Wazungu walishangilia ile sauti ya kukwaruza kana kwamba imebuniwa maabara.

Kwa nini sanduku? Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ukiiacha wazi, hewa ya nyuma inazunguka, inakutana na ya mbele, besi inakufa. Toa spika ndani ya bafle yake usikilize, utanielewa. Sanduku lililofungwa linatenganisha hizo hewa mbili. Ubao mgumu na mzito hautetemeki ovyo, kwa hiyo sauti inatoka kavu na imara. Msonobari unatetemeka pamoja na spika, na kuna wapiga gitaa wanaoupenda kwa sababu hiyo hiyo. Hapo ni ladha tu.

Kinachoharibu kazi ni ubao mbichi. Huku kwetu mvua haina haya. Ubao uliopasuliwa juzi utajikunja, kona zitaachana, na besi ikipigwa bafle inaanza kulia kama debe. Fundi anayejua anaanika mbao miezi mingi chini ya paa, na vijiti katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Kona anaziunga kwa meno yanayoshikana, na gundi. Misumari mitupu ni kazi ya haraka.

Lakini libuyu inatoka msituni, na msitu wetu tunaujua. Kahuzi-Biega ilifanywa mbuga ya taifa 1970, ikaingia urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sitamtupia seremala lawama yote: makaa ya kupikia yanakula miti kuliko bafle zote za kwaya zikiwekwa pamoja. Hata hivyo mti wa namna hii hauoti kwa umri wa mtu mmoja. Ukishakatwa, afadhali uimbe miaka 30 kuliko kuishia kwenye mbabula jioni moja.

Siku hizi bafle za plastiki zinashuka kwenye malori, nyepesi, zina taa za rangi, na vijana hawajifunzi tena ile kazi ya meno. Nimewahi kufungua mgongo wa bafle moja ya zamani. Ndani, kwa kalamu ya risasi, fundi alikuwa ameandika vipimo vyote: urefu, upana, kina, na duara la spika. Jina lake hakuliandika.