Mgeni wa chama cha roketi
Wadau, bumu halijatoka, basi nimejichimbia maktaba. Huko nimekutana na Wernher von Braun. Mwaka 1930, akiwa na miaka 18 tu, mwanafunzi kama sisi, alijiunga na VfR, chama cha wapenzi wa safari za anga za juu kilichoanzishwa Breslau mwaka 1927. Hela hawakuwa nazo, walirushia roketi zao kwenye eneo la maghala ya zamani ya risasi, Berlin. Raha tupu! Ila jeshi lilikuwa na hela, na 1932 kijana akahamia huko. Matokeo yake V-2, kombora lililoipiga London 1944, likiundwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Walikufa maelfu jamani. Halafu 1969 Saturn V yake ikapeleka watu mwezini. Fieldi nafundisha historia kidato cha pili. Wakiniuliza huyu shujaa au vipi, sijui nitawajibu nini.