Nani alisukuma kwanza?

1/ Mjadala wa polisi ukianza, lazima mtu aseme, "Ngojeni ripoti ya polisi." Sawa, tuangalie kisa kimoja.

2/ 13 Juni 2019, Oakland, Marekani. Toronto Raptors wamelaza Warriors 114–110 na kuchukua ubingwa wa NBA. Rais wa timu, Masai Ujiri, ambaye mamake ni Mkenya, anashuka uwanjani kusherehekea. Askari wa kaunti ya Alameda anamzuia.

3/ Ofisi ya sherifu ikasema Ujiri hakuonyesha pasi na alimshambulia askari. Waendesha mashtaka hawakumshtaki, lakini Februari 2020 askari akaenda kortini kudai fidia.

4/ Agosti 2020 video ikatoka, tena ya kamera aliyovaa askari mwenyewe. Ujiri anatoa pasi, askari anamsukuma mara mbili, ndipo Ujiri anarudisha. Februari 2021 kesi zikaondolewa.

5/ Huyo alikuwa na cheo, mawakili na kamera, na bado ukweli ulichukua miezi 14. Sasa shabiki akisukumwa getini Kinoru, Meru, ama uwanja wa Moi, Embu?

6/ IPOA tunayo tangu 2011, lakini malalamiko bila ushahidi ni neno lako dhidi ya sare. Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi kamera za polisi, muulize: video itawekwa na nani, na raia ataipata lini?