Bonasi ya maili: Jinsi ya kuitarajia bila kuingia katika deni

BONASI ya kujiunga ni maili nyingi ambazo benki nchini Marekani humpa mteja mpya wa kadi ya mkopo inayohusishwa na shirika la ndege, iwapo atatumia kiasi fulani cha fedha katika muda uliowekwa, ambao mara nyingi ni miezi mitatu. Maili hizo hubadilishwa kwa tiketi. Kwa Mkenya anayeishi nchini humo, na ambaye nauli ya kuja kuwaona wazazi Desemba humlemea, bonasi inaweza kumwezesha kusafiri badala ya kutuma salamu kwa simu. Vilevile inaweza kumwachia deni linaloizidi nauli yenyewe. Yote hutegemea maandalizi anayoyafanya kabla ya kuiomba kadi.

Chimbuko lake

Shirika la American Airlines lilianzisha mpango wake wa maili, AAdvantage, mnamo Mei 1981, na United ikafuata siku chache baadaye. Wakati huo, maili zilipatikana kwa kupanda ndege. Mnamo 1987, Citibank ilitoa kadi iliyofungamanishwa na AAdvantage, na mteja akaanza kuvuna maili kwa kununua sukari na petroli.

Tangu hapo, maili zimekuwa bidhaa ambayo mashirika ya ndege huziuzia benki. Mwaka wa 2024 pekee, Delta ilipokea dola bilioni 7.4 kutoka kwa American Express. Nayo United, ilipobanwa na janga la korona mwaka wa 2020, iliweka rehani mpango wake wa MileagePlus na kukopa mabilioni ya dola.

Benki hurejesha gharama hiyo kupitia ada ya mwaka, riba inayotozwa wenye madeni, na tozo ambayo mwenye duka hulipa kila kadi inapotumika. Nchini Marekani, tozo hiyo hukaribia asilimia 2 ya bei kwa kadi za mkopo. Katika nchi za Muungano wa Ulaya, sheria ya mwaka wa 2015 iliweka kikomo cha asilimia 0.3, na ndiyo sababu kuu ya bonasi za huko kuwa ndogo.

Kusubiri au kuomba sasa?

Bonasi hupanda na kushuka. Agosti 2016, benki ya Chase ilizindua kadi ya Sapphire Reserve, ambayo pointi zake huweza kuhamishiwa mashirika kadhaa ya ndege. Mteja aliyetumia dola 4,000 katika miezi mitatu alipewa pointi 100,000. Januari 2017, walioomba kupitia intaneti walikuta bonasi imepunguzwa hadi pointi 50,000. Waliochelewa walipoteza nusu ingawa kadi ilikuwa ile ile.

Hata hivyo, pupa nayo ina hasara. American Express, kwa kawaida, haimpi mteja bonasi ya kadi ile ile mara mbili. Anayeichukua wakati bonasi ni ndogo huenda akawa amejifungia mlango wa kuipata itakapoongezwa. Chase nayo imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwanyima kadi waliofungua kadi tano au zaidi katika miezi 24 iliyotangulia. Kwa hivyo, ni busara kulinganisha bonasi ya sasa na zilizowahi kutolewa kwa kadi hiyo kabla ya kujaza fomu.

Wakati mwingine kalenda ndiyo huamua faida. Southwest humruhusu mteja anayefikisha pointi 135,000 katika mwaka mmoja kusafiri na mwenzake pasipo kumlipia nauli, ila kodi na ada tu, kwa muda uliosalia wa mwaka huo na mwaka mzima unaofuata. Pointi za bonasi za kadi zake huhesabiwa. Anayepanga bonasi yake iingie Januari badala ya Desemba huufaidi mpango huo kwa takriban miaka miwili.

Hesabu ya nyumbani

Dola 4,000 kwa miezi mitatu ni takriban dola 1,333 kila mwezi. Familia ambayo chakula, mafuta na simu huigharimu dola 900 kwa mwezi itapungukiwa na dola 433. Haifai kuliziba pengo hilo kwa kununua vitu ambavyo haikuvihitaji. Heri kuomba kadi wakati ambapo gharama kubwa inayojulikana inakaribia, kama vile karo ya chuo au bima ya gari, maadamu fedha za kuilipia zipo tayari.

Wastani wa riba ya kadi nchini Marekani umekuwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka tangu 2023. Deni la dola 4,000 kwa riba ya asilimia 24 huzaa takriban dola 80 kila mwezi. Baada ya miezi kumi, dola 800 hivi zitakuwa zimekwenda, na bonasi imekwisha kumezwa.

Masharti yanayosahaulika

Muda wa kutumia fedha kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ombi lilipokubaliwa, wala si siku kadi ilipofika kwa posta. Ada ya mwaka na pesa taslimu zilizotolewa kwa kadi hazihesabiwi, na bidhaa ikirudishwa dukani thamani yake huondolewa. Kila ombi hubaki katika rekodi ya mikopo ya mwombaji kwa miaka miwili. Aidha, kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2009, mwanafunzi ambaye hajatimiza miaka 21 sharti athibitishe mapato yake mwenyewe au apate mdhamini.

Anayelenga safari ya Desemba anafaa kuanza mapema mwakani, kwa kuwa huhitaji miezi mitatu ya matumizi, wiki kadhaa za kusubiri maili ziingie, kisha atafute kiti katika msimu ambao kila mtu anasafiri. Maili za Delta, kwa mfano, zinaweza kutumiwa katika safari za Kenya Airways, kwa kuwa mashirika yote mawili ni wanachama wa SkyTeam. Hata tiketi ya maili hutozwa kodi na ada, ambazo hulipwa kwa fedha.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini maili huoza. Delta iliacha kuchapisha orodha ya viwango vya maili kwa kila safari mnamo 2015, na United ikafanya vivyo hivyo mwaka wa 2019. Tiketi inaweza kupanda bei bila ya mteja kujulishwa. Kwa hivyo, maili zikishaingia zitumiwe kwa safari iliyokusudiwa. Na kabla hazijaingia, zisihesabiwe kuwa nauli, wala wazee nyumbani wasiahidiwe siku ya kumpokea mgeni.