Taarifa za Michoro Iliyopotea

Taarifa ya hitilafu ni maelezo ambayo mtumiaji wa programu huwaandikia waundaji wake inapoharibika. Katika programu za kuchora, hakuna taarifa nzito kama ya kazi kupotea. Msanii amechora siku tatu, amehifadhi, amezima kompyuta. Anapoiwasha tena faili haifunguki, au inafunguka nyeupe tupu. Programu ikijifunga ghafla mtu huudhika, lakini mchoro ukipotea mtu huumia.

Desturi ya kuandika hitilafu ni kongwe kuliko uchoraji wa kompyuta. Thomas Edison alikuwa akiziita kasoro za mitambo "wadudu" tangu karne ya 19. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II huko Harvard walimkuta nondo amenasa ndani ya mtambo. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika pembeni yake: saa kumi kasorobo alasiri, relei namba 70, paneli F. Daftari hilo limehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian. Watu humkumbuka zaidi nondo, ilhali kilicho bora ni ule mstari ulioandikwa: saa, mahali, na kilichoonekana. Taarifa nzuri ya leo bado huanzia hapo.

Uchoraji wa kompyuta ulikuja baadaye: SuperPaint ya Richard Shoup mwaka 1973, kisha MacPaint ya Bill Atkinson mwaka 1984. Zama hizo aliyepoteza mchoro alipiga simu au kuandika barua kwa kampuni, na malalamiko yake hayakuonekana na mchoraji mwingine. Programu huria ndizo zilizoyaweka hadharani. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kompyuta, ulianzisha daftari lake la wazi la hitilafu mwaka 1994. Bugzilla ya Terry Weissman, programu ya kutunza madaftari ya namna hiyo, ilifuata mwaka 1998. Kanuni za Debian zilitamka kwamba hitilafu inayopoteza data ya mtumiaji ni miongoni mwa zile zinazoweza kuzuia toleo jipya lisitoke. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa.

Krita, programu huria ya kuchora iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la KImageShop, ilikulia katika mazingira hayo. Faili yake, yenye kiambishi .kra, kwa kweli ni kifurushi cha zip. Ukikifungua unakuta matabaka ya mchoro, faili ya maelezo iitwayo maindoc.xml, na picha nzima iliyounganishwa, mergedimage.png. Orodha ya vilivyomo katika zip hukaa mwishoni kabisa. Kwa hiyo uandishi ukikatika njiani, matabaka yanaweza kuwamo yote na faili bado ikagoma kufunguka.

Mwaka 2009 taarifa za watumiaji zilifichua chanzo kingine cha faili kupotea. Mfumo mpya wa faili wa Linux, ext4, ulichelewesha kuandika data kwenye diski. Programu nyingi zilikuwa na mazoea ya kufuta kwanza faili ya zamani kisha kuandika mpya juu yake. Kompyuta ikizimika katikati, ya zamani imeshakwenda na mpya ina baiti 0. Palizuka ubishi mkali iwapo kosa ni la mfumo au la programu. Toleo la 2.6.30 la kiini cha Linux lilipunguza hatari hiyo, lakini dawa ya kudumu ilikuwa kwa waandishi wa programu: andika faili mpya kando, hakikisha imefika kwenye diski, ndipo uipe jina la ile ya zamani. Mwaka 2013 maktaba ya Qt, ambayo Krita imejengwa juu yake, iliongeza zana ya kufanya hivyo, QSaveFile.

Hitilafu za namna hii hazitengenezeki kwa malalamiko matupu. Mwandishi wa programu lazima aweze kulirudia kosa kwenye mashine yake, kwa hiyo anahitaji toleo la programu, mfumo wa kompyuta, hatua zilizofuatwa, na mahali faili ilipohifadhiwa, iwe diski ya ndani au ya kuchomeka. Zaidi ya yote anahitaji faili iliyoharibika yenyewe. Aliyepoteza mchoro asiifute wala asihifadhi juu yake. Aitolee nakala kwanza, kisha aiambatishe na taarifa.