Mkutano mkuu wa kijiji: uamuzi wenu unavyofika halmashauri na unavyopotelea njiani

Katika vijiji vingi vya mkoa wa Dodoma, mkutano wa kijiji umezoeleka kuwa wa kupokea matangazo. Mtendaji anasoma barua kutoka wilayani, mwenyekiti anakumbusha michango, mgeni anasalimia, watu wanatawanyika. Baadaye wananchi wanasikia kuwa "kijiji kimekubali" jambo ambalo hawakumbuki kuliamua.

Sheria inasema vingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo chenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Katika makala haya tunaeleza jinsi uamuzi wa mkutano huo unavyosafiri hadi kwenye bajeti ya wilaya, mahali unapokwama, na mambo ambayo viongozi hawawezi kuyaamua bila ninyi.

Nani ana haki ya kuingia na kusema

Mjumbe wa mkutano mkuu ni kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikisha umri wa miaka 18. Haijalishi chama, kabila, dini, wala kama amezaliwa hapo au amehamia. Mke ni mjumbe kwa haki yake mwenyewe, hawakilishwi na mume. Mfugaji anayeishi kijijini ni mjumbe sawa na mkulima.

Mkutano huu unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Humo ndimo wananchi husomewa taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji.

Chini yake ipo halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Wanawake wasipungue robo. Halmashauri hii ndiyo inayoendesha kazi za kila siku, na mtendaji wa kijiji ni katibu wake. Uchaguzi wa mwisho wa viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024.

Tofauti ya vyombo hivi viwili ni muhimu. Halmashauri ya kijiji inapendekeza na kutekeleza, mkutano mkuu unaamua. Kwa mfano, sheria ndogo ya kijiji, iwe ya kuzuia ukataji wa miti au ya faini ya mifugo kuingia shambani, inaandaliwa na halmashauri ya kijiji, inasomwa na kujadiliwa kwenye mkutano mkuu, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Sheria ndogo iliyoruka hatua hizo haina nguvu.

Kalenda ya bajeti haisubiri mavuno

Tuseme wananchi wa kijiji wamejenga boma la zahanati kwa nguvu zao. Kuta zimesimama, bati hakuna. Wanataka halmashauri ya wilaya iezeke na kumalizia. Njia ya ombi lao ni hii.

Kwanza, kila kitongoji kinakaa na kutaja mahitaji yake. Halmashauri ya kijiji inayakusanya, na mkutano mkuu unayapanga kwa uzito. Utaratibu unaotumika unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Ulianza kutumika nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nia yake ni kijiji kuanza na kile kilichonacho, yaani watu, mawe, mchanga, ardhi na ujuzi, kisha kuomba kile ambacho hakikiwezi.

Pili, vipaumbele vya kijiji vinapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi huiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, wenyeviti wa vijiji ni wajumbe, na mtendaji wa kata ni katibu. Hapa kijiji chenu kinashindana na vijiji jirani.

Tatu, mapendekezo ya kata zote yanafika kwa wataalamu wa halmashauri ya wilaya, kisha baraza la madiwani linapitisha mpango na bajeti. Baada ya hapo bajeti inapita mkoani na TAMISEMI, na mwisho inafika bungeni, ambako vikao vya bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai.

Ukihesabu kurudi nyuma, utaona kuwa vipaumbele vya kijiji vinahitajika kati ya Oktoba na Januari. Na hapo ndipo penye shida kwetu sisi wa nyanda za kati. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza karibu na Desemba. Wakati wa kupanga bajeti ndio wakati wa kuandaa mashamba na kupanda mtama, uwele na alizeti. Kabla ya hapo, kiangazi kikali huwa kimewapeleka vijana mbali na mifugo kutafuta maji na malisho. Watu wanapata nafasi ya kukaa mkutanoni baada ya mavuno, Juni au Julai, wakati bajeti ya mwaka huo imeshapitishwa.

Dawa yake ni ndogo. Tumieni mkutano wa baada ya mavuno kujadili na kupanga vipaumbele vya mwaka wa fedha unaofuata. Viandikwe kwenye muhtasari. Mkutano wa robo inayofuata uvithibitishe tu, hata kama ni wa asubuhi moja kabla watu hawajaenda shambani.

Kumbukeni pia kwamba halmashauri ya wilaya inapanga ndani ya ukomo wa bajeti. Kijiji kinachopeleka mambo 15 bila kuyapanga kinamwachia mtu mwingine kuchagua. Mambo matatu yaliyopangwa kwa uzito, yenye maelezo ya kazi ambayo wananchi wameshafanya, yana nafasi nzuri zaidi.

Muhtasari ndio unaosafiri

Wananchi wanaweza kusema kwa uchungu na kwa hoja nzuri, lakini maneno hayaendi wilayani. Kinachokwenda ni muhtasari. Jambo lisiloandikwa humo, kwa mtu wa mipango aliyeko wilayani, halikusemwa.

Kwa hiyo kabla mkutano haujafungwa, ombeni mtendaji asome maamuzi kwa sauti, moja baada ya jingine. Je, imeandikwa "wananchi wameamua" au "wananchi wameelezwa"? Je, waliopinga wametajwa? Je, idadi ya waliohudhuria ni ya kweli? Muhtasari wa mkutano uliopita usomwe na kuthibitishwa mwanzoni mwa mkutano unaofuata. Na karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa kinachosema ni ya mkutano gani na tarehe gani, ili sahihi zenu zisije kuambatanishwa na jambo jingine.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni barua fupi, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Maji na barabara: mlango umehama

Watu wengi bado wanamlaumu diwani kwa kisima kilichoharibika au barabara iliyokatika. Lakini huduma hizi mbili zimehamishwa. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Maji vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanzishwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019.

Maana yake ni kwamba kipaumbele cha maji kilichoishia kwenye faili la halmashauri ya wilaya kinaweza kukaa humo bila kumfikia anayechimba kisima. Mkutano mkuu ukiamua kuhusu maji au daraja, uamuzi uelekeze nakala ya muhtasari ipelekwe kwa meneja wa RUWASA au TARURA wa wilaya, pamoja na ile ya kata.

Kwa maji kuna jambo la ziada. Miradi inaendeshwa na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, na viongozi wake wanawajibika kwa watumiaji. Mikutano yao ndiyo mahali pa kuuliza ndoo inauzwa kiasi gani, kwa nini, na fedha ziko wapi pampu inapokufa.

Tulikotoka

Mkoa wetu unajua gharama ya kupangiwa bila kuulizwa. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya ujamaa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na zilirudi mwaka 1984. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani na miti vilirudi kwenye makorongo, na wengi wanakiri hilo. Lakini kaya zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao, na ng'ombe wakahamishiwa kwenye ardhi ya watu wengine. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni kuwauliza wenye ng'ombe ni njia ipi ingeokoa ardhi bila kuvunja maisha yao.

Sheria za ardhi zilizotungwa baadaye zimejaribu kuziba pengo hilo, na ndizo zenye meno makali zaidi kwa mwanakijiji.

Ardhi: mambo ambayo viongozi hawawezi peke yao

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mwenyekiti na mtendaji wakimpa mtu ekari kadhaa kwa barua na muhuri tu, wametoa kitu kisicho chao.

Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, kwa mfano kwa ajili ya mwekezaji, ukubwa wa eneo unabadili nguvu yenu. Eneo lisilozidi hekta 250, ambazo ni kama ekari 618, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Eneo likizidi hapo, waziri ndiye anayeamua, lakini baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Katika hali zote mbili, aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa vinapaswa kukubaliwa kabla ardhi haijahamishwa.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 nayo inataka mpango wa kijiji uidhinishwe na mkutano mkuu. Ramani inayochorwa hapo ndiyo inayoamua wapi pa kulima, wapi pa kuchunga, wapi njia ya mifugo inapita na wapi pa kuzika. Ikipitishwa siku ambayo wafugaji hawapo, mgogoro umeshaandikwa kwenye ramani. Kabla ya kupiga kura, tembeeni mipaka kwa miguu pamoja na wazee na wachungaji. Ramani ya ukutani haionyeshi lambo linalokauka Septemba.

Kijiji kinapogeuka mtaa

Kwa walio pembezoni mwa Jiji la Dodoma, suala hili ni la haraka. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, na Aprili 2018 Dodoma ikapata hadhi ya jiji. Mji unakua kila upande.

Kijiji kikifanywa mtaa, mkutano wa wakazi unabaki, lakini nguvu za mkutano mkuu juu ya ardhi ya kijiji zinaondoka, kwa sababu ardhi si ya kijiji tena. Mipango miji na upimaji vinaongozwa na halmashauri ya jiji. Haki ya fidia inabaki: sheria inataka iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, kwa kuzingatia thamani ya soko. Kwa hiyo mkisikia eneo lenu linapendekezwa kuingizwa mjini, ulizeni mapema, mkutano mkuu ungali na nguvu. Hakikisheni mipaka ya mashamba imeandikwa, na siku ya uthamini mwenye shamba awepo mwenyewe, aone kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi.

Mkutano usipoitishwa

Miezi mitatu ikipita bila mkutano, anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji, kwa maandishi. Kisha nendeni kwa mtendaji wa kata na diwani. Wakinyamaza, mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri, na nakala kwa mkuu wa wilaya. Barua yenye majina na sahihi za wakazi wa vitongoji vyote ina uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja.

Na mkutano ukiitishwa, nendeni. Ufunguo wa nguvu zote tulizozieleza hapa ni watu kuwepo, kusema, na kuhakikisha limeandikwa. Mkiacha viti vitupu, sahihi zitapatikana tu, na kijiji kitakuwa "kimekubali" tena.