Wakalimani Wanne wa 1904

Kuna sehemu ya mkataba wa Wamaasai na Waingereza ambayo watu wengi huiruka. Iko mwishoni kabisa, baada ya majina na alama za viongozi. Ni orodha ya wakalimani. Wako wanne: C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, kwa upande wa Kiswahili, halafu wanaume watatu kwa upande wa Kimaasai. Kwa hivyo mkataba uliowatoa Wamaasai Naivasha, Elmenteita na Nakuru uliandikwa kwa Kiingereza, ukapita kwenye Kiswahili, ndipo ukafika kwa Kimaasai. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Kiswahili, ile lugha tunayoambiwa kila Madaraka Dei kwamba inatuunganisha, kilikuwa hapo katikati.

Ni Agosti 9, 1904, Naivasha. Reli imeshafika Ziwa Victoria tangu 1901, na imekatiza malisho mazuri kuliko yote ya Bonde la Ufa. Kamishna Sir Donald Stewart anataka ardhi ya kando ya reli iwe ya walowezi. Mkataba unasema Wamaasai, kwa hiari yao wenyewe, wameona ni heri wahame: wengine waende Laikipia, wengine kusini. Siku sita baadaye, Agosti 15, sahihi nyingine zinatiwa Nairobi, na laiboni Lenana yumo. Imekwisha hiyo.

Hebu jaribu leo kulitafsiri wazo la mahali ambapo serikali inatenga watu wa kabila moja wakae humo tu. Utazunguka weee, mwishowe utaangukia "hifadhi", neno tunalotumia kwa vifaru wa Ziwa Nakuru. Na hapo una kamusi na simu yenye bando.

Lakini mimi sikubaliani na wanaosema Wamaasai hawakuelewa kilichokuwa kikiendelea. Soma walichodai. Walitaka barabara ya kuunganisha sehemu hizo mbili, yenye njia ya kufikia maji, ili jamii isikatike. Walitaka pia angalau maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop, mahali pa kuonyeshwa na Legalishu na Masikondi, wafanyie sherehe zao za tohara kama mababu zao. Hayo si maneno ya watu waliolala kikaoni. Ni watu waliojua kwamba unaweza kupoteza malisho na bado ukabaki Mmaasai, lakini ukipoteza njia ya kufikiana na mahali pa kuwatahiri vijana, basi umekwisha.

Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wangali wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 walioenda Laikipia waliambiwa wahame tena, safari hii waende kusini, kwa sababu walowezi walikuwa wameanza kuitamani Laikipia pia. Legalishu alipinga. Wamaasai wakaweka wakili, na kesi ya Ole Njogo na wenzake ikasikizwa mwaka 1913. Mahakama ikaitupa: eti makubaliano hayo yalikuwa kati ya dola mbili, na mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuyaingilia. Yaani siku ya kuhamishwa ulikuwa mtu wa kuamrishwa, siku ya kushtaki ukageuka taifa la kigeni. Hapo hakuna utamaduni uliogongana na mwingine, bana. Upande mmoja ulielewa kila kitu vizuri sana.

Miaka 100 baadaye, Agosti 2004, Wamaasai waliandamana wakidai kwamba muda wa kukodisha ardhi ya Laikipia ulikuwa umeisha. Serikali ikajibu kwamba hati za mashamba hayo ni za miaka 999. Mkataba wa 1904 wenyewe hautaji muda wowote wa kukodisha. Karne nzima, na bado kila mtu alikuwa na mkataba wake kichwani.

Katikati ya hayo yuko Lord Delamere, aliyepewa ekari 100,000 kule Njoro na baadaye akawa na Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita. Delamere aliongea Kimaasai. Aliwaajiri Wamaasai kuchunga mifugo yake na alipenda kukaa nao. Chuoni, mihula michache niliyokaa, tulifunzwa kwamba ukijifunza lugha na desturi za mwenzako mtaelewana. Delamere angepata A katika somo hilo. Na bado aliongoza siasa za walowezi, juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya hao marafiki zake.

Wengine hawakujisumbua hivyo. Mashamba yalipojaa wafanyakazi, Wakikuyu waliotoka Kiambu na kwingineko kuja kuwa maskwota, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, na Wahindi wenye maduka mjini Nakuru, ilihitajika lugha ya haraka. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha Kiswahili cha bara, chepesi, kilicholenga walowezi, askari na wake zao ili waongee na wenyeji bila mkalimani. Mkalimani akatolewa. Kilichobaki kilikuwa lugha ya "lete", "ngoja" na "mimi hapana taka". Waafrika waliiita Kisetla. Jina hilo hunifurahisha sana. Bwana mkubwa aliamini anaongea Kiswahili. Mpishi wake alijua huyu anaongea Kisetla, na akamjibu kwa hicho hicho, kisha akarudi kwao kuongea kama mtu.

Sisi wa Nax tumerithi mji huo. Kaptembwo, Rhonda, Bondeni, Langalanga, Free Area: kote huko utasikia Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani ndani ya sentensi moja. Tunaelewana sana. Tulielewana pia mwisho wa Januari 2008, wakati Nakuru na Naivasha zilipowaka, watu wakaulizwa vitambulisho barabarani ili jina liseme kabila, na Uwanja wa Afraha na ule wa maonyesho vikajaa waliofurushwa. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Neno "madoadoa" ni Kiswahili safi, mtoto wa gredi ya nne atakwambia ni la chui. Lakini mwaka 2022, mwanasiasa mmoja alipolitamka kwenye mkutano Eldoret, hakuna mtu wa Bonde la Ufa aliyehitaji kamusi.

Ndiyo maana navutiwa na kitu kilichofanyika kimyakimya baada ya vita hivyo. Wazee wa Wakikuyu na wa Wakalenjin wa kaunti ya Nakuru waliketi na wapatanishi kwa miezi 16. Walitia sahihi Agosti 2012. Mkataba wa Stewart ulianza na kuisha kwa siku sita. Najua, watu watasema uchaguzi wa 2013 ulikuwa mtulivu Nakuru kwa sababu Uhuru na Ruto walikuwa kwenye tiketi moja, na huenda wana hoja. Lakini ndani ya miezi 16 mtu anapata nafasi ya kusema, "hapo sijaelewa, rudia", na kurudiwa, na bado akakataa, na kesho mkakutana tena. Naivasha 1904 hakuna aliyekuwa na muda huo isipokuwa Wamaasai.

Ukipanda matatu kutoka Naivasha kwenda Engineer, unapita Kinangop. Ni kabeji na waru mpaka macho yachoke. Mahali fulani kwenye ile miteremko ni maili tano za Legalishu.