Mtwara, mji uliopimwa kwa shehena

Kabla ya mwaka 1947 palipo Mtwara ya leo palikuwa na vijiji. Mji wa eneo hilo ulikuwa Mikindani, bandari ya majahazi ambako mpelelezi David Livingstone alipitia mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Mtwara ililetwa na karanga. Uingereza ilitaka mafuta ya kula, ikateua Kongwa, Urambo na Nachingwea kuwa mashamba makubwa ya karanga. Karanga za Nachingwea zilihitaji reli na gati ya kina kirefu, na ghuba ya Mtwara ilikuwa na kina hicho. Wapimaji wakachora mji wa watu wengi kuliko waliokuwapo, wenye barabara pana na mitaa iliyoachana mno, Shangani ya ufukweni ikiwekwa kwa Wazungu. Mradi ukafa mwaka 1951. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954 karanga zenyewe hazipo, na reli ikafungwa mwaka 1962. Kilichobaki ni ramani, na ndiyo inayowagharimu wakazi hadi sasa.

Wapo wanaouona upana huo kuwa bahati. Mtwara, wanasema, haikubanana kama Manzese au Tandale za Dar es Salaam, na gari la zimamoto linapita popote. Ni kweli, lakini upana nao una bei. Bomba linalotoka kwenye visima vya Mtawanya hupita viwanja vitupu kabla ya kufika kwa mteja, na nguzo za umeme na mitaro vivyo hivyo. Halmashauri yenye mapato madogo ikirithi mji wa namna hiyo, huhudumia katikati na kuziacha pembezoni zijitafutie. Ndiyo maana Magomeni ya Mtwara na Chikongola zilijaa watu huku ardhi ya kati ikiota nyasi, na Kiyangu, bondeni, nyumba zikajengwa pale pale maji ya mvua yanapotuama. Barabara na mitaro ya mradi wa kuendeleza miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ilisaidia, ila ilikuja miaka sitini baada ya ramani.

Gesi nayo ilifuata nyayo za karanga. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na ilipoamuliwa kwamba bomba liende Dar es Salaam, hasira zikalipuka mwaka 2013. Walioandamana waliambiwa kuwa hawaelewi uchumi wa taifa. Nadhani walielewa vizuri kitu kimoja: walishawahi kuwa njia ya kupitishia mali. Wakati huohuo viwanja vilipanda bei, na sensa ya 2012 ikahesabu watu 108,299 katika manispaa. Watu hao walihitaji kujenga, na Mikindani chokaa ilikuwa karibu: matumbawe yalivunjwa kwa mtaimbo maji yakipwa, yakapangwa juu ya magogo, moto ukalala ukiwaka, kisha mawe yakamwagiwa maji hadi yawe unga mweupe. Ukuta unasimama; mwamba uliokuwa ukilea samaki na kuvunja mawimbi haurudi katika umri wa mjenzi. Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, iko kusini mwa mji, lakini mahitaji ya chokaa na mawe yako ndani ya mji.

Atatokea wa kusema kwamba bila shehena kusingekuwa na Mtwara. Sikatai, bandari ndiyo mama wa mji. Swali ni nani analipwa mali inapopita. Mtambo wa gesi wa Madimba na kiwanda cha saruji cha Dangote viko nje ya mpaka wa manispaa, hivyo ushuru wao wa huduma huenda Halmashauri ya Wilaya, wakati wafanyakazi wengi hupanga vyumba, husomesha watoto na hutibiwa hospitali ya Ligula, mjini. Vijiji vya Madimba vina haki ya fungu lao, tena kubwa. Lakini mpaka huo unaweza kujadiliwa upya, au mapato yakagawanywa kwa kufuata wanakolala watu, na hilo linaweza kuamuliwa bila kusubiri meli nyingine.